Mtazameni Aliye Chini

(Maneno niliyoyasema mbele ya vijana wa sarakasi na wazazi wao, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.)

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama mliokaa kule kwenye mikeka, shikamooni pia. Walimu, nashukuru kwa mwaliko. Na ninyi wanangu mliotoka kuruka sasa hivi, kaeni, kunyweni maji, msikilize mkiwa mmepumzika.

Nina swali kwanza. Robo saa iliyopita mlijenga piramidi ya watu saba. Makofi yalipigwa wakati gani? Yalipigwa yule binti mdogo alipofika kileleni akafungua mikono. Sawa, aliyastahili. Lakini yupo aliyemwona kijana wa katikati, mstari wa chini? Mimi nilimwona, maana hata nikitaka, macho yangu hayaendi kwingine. Jasho lilimwingia jicho la kushoto. Akalifumba, akabaki na moja. Hakuweza kujipangusa, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na visigino vya watu.

Nimekuwa kijana huyo kwa miaka kumi na minne, katika mahema ya Ujerumani, Ufaransa na Italia, na misimu miwili Uingereza. Picha zangu nyingi za kazini hazina uso. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anawaonyesha majirani huku akiweka kidole: "Mwanangu ni huyu hapa, haya magoti."

Nimeombwa niseme kuhusu sarakasi za siku hizi, zile zinazosafiri na hema lake kutoka mji hadi mji, na sanaa iliyomo. Watu hudhani sanaa imo katika kuruka. Mimi nitaisema kutoka nilikokuwa nimesimama, yaani chini.

Wangapi hapa nyumbani kwao bado kuna kinu? Vizuri. Leo ukifika nyumbani chukua mchi, usimamishe wima juu ya kiganja. Utaona mchi haufanyi lolote. Kiganja ndicho kinachohangaika, mara huku mara kule, kuufuata kila unapotaka kulala. Haya, sasa fikiria mchi umepata akili, nao umeanza kujirekebisha. Wewe unakwenda kulia kuuwahi, na wenyewe unajivuta kushoto. Mnaanguka wote wawili.

Hiyo ndiyo siri ya watu wawili kusimama mkono kwa mkono, au kichwa juu ya kichwa. Wa juu hashiki mizani. Wa chini ndiye anayeishika. Kazi ya wa juu ni kukubali kuwa mchi, akaze mwili na asijiokoe. Na hakuna jambo gumu kwa binadamu kama kuhisi anaanguka halafu asijiokoe. Nimewafundisha vijana wenye misuli kama kamba za meli, wakashindwa hapo. Nimemfundisha msichana mwembamba aliyekuwa na hofu ya kila kitu isipokuwa mimi, akaweza kwa miezi minne.

Mmewaona Fadhili na Ibrahim, wale Watanzania wenzetu wanaojiita Ramadhani Brothers. Mwaka 2023 walifika fainali ya America's Got Talent, lile shindano la vipaji la televisheni ya Marekani, na Februari 2024 wakashinda toleo lake la Fantasy League. Mtaani kila mtu alikuwa anarudia video akisema, "Ona anavyosimama kichwa chini!" Mimi nilikuwa naangalia shingo ya aliyebeba. Desemba 2016, ndugu wawili wa Vietnam, Giang Quoc Co na Giang Quoc Nghiep, walipanda ngazi 90 za kanisa kuu la Girona, Hispania, kichwa juu ya kichwa, kwa sekunde 52. Jaribuni kupanda ngazi 90 bila mtu kichwani mkaone pumzi. Aliyebeba haoni hata anapokanyaga, maana akiinamisha shingo tu, mambo yamekwisha. Anapanda kwa kuhesabu na kwa nyayo. Bibi zetu waliotoka kisimani na mtungi juu ya ngata wangemwelewa kuliko waamuzi wa televisheni.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1768, London, askari wa farasi aliyestaafu aitwaye Philip Astley alifungua shule yake, akawa anawaonyesha watu jinsi ya kusimama juu ya farasi anayekimbia. Hakimbizwi moja kwa moja, anazungushwa, kwa sababu ile nguvu ya kuzunguka humkandamiza mpandaji kwenye mgongo wa mnyama, kama maji yanavyobaki ndani ya ndoo ukiizungusha kwa kasi. Duara lililokuja kuwa kipimo cha sarakasi lina upana wa futi 42, kama mita 13. Mpaka leo ukiingia hema la zamani Ulaya, pima, utalikuta ni hilo hilo. Kwa hiyo wa chini wa kwanza alikuwa farasi, na kiwanja chenyewe kilikatwa kwa kipimo chake.

Miaka mia mbili baadaye vijana kadhaa walianza kuuliza: tukiwatoa wanyama, kitabaki nini? Australia waliuliza, Ufaransa waliuliza, na Kanada pia. Huko Kanada, katika mji mdogo wa Baie-Saint-Paul, alikuwapo bwana mmoja, Gilles Ste-Croix, aliyetembea juu ya miguu mirefu ya miti kiasi cha kilomita 90 mpaka mji wa Quebec ili apate fedha za kikundi chao. Mwaka 1984 yeye na Guy Laliberté, aliyekuwa mpiga kodiani na mla moto wa barabarani, wakawa na kampuni: Cirque du Soleil. Mwaka 1987 walikwenda Los Angeles kwenye tamasha bila fedha ya kurudia nyumbani. Onyesho lingedoda, wangebaki huko. Halikudoda.

Leo hema lao kubwa la kusafiri lina kimo cha mita 19 na upana wa mita 51, na watu zaidi ya 2,500 wanakaa ndani. Mimi sikuwahi kufanya kazi humo, nisiwadanganye. Niliingia kama mtazamaji, nikalipa nusu ya mshahara wangu wa wiki, nikakaa nyuma ya nguzo. Mahema yangu mimi yalikuwa ya watu mia nne, mia sita. Huko kwetu mwanasarakasi ndiye pia mpiga nyundo. Mnafika mjini alfajiri, uwanja ni matope, kila mtu anapewa vigingi vyake vya chuma. Desemba ndio mwezi wa kazi nyingi Ujerumani, na theluji ikilundikana juu ya turubai, hema linaweza kuporomoka. Tuliwasha mashine za moto usiku kucha ili theluji iyeyuke, tukapeana zamu. Saa nane za usiku nimesimama chini ya hema tupu, nasikiliza barafu ikiteleza juu yangu, nikajisemea: kumbe hata hema nalibeba mimi.

Naona wazee wanacheka. Wakati ule sikucheka.

Na bado sijawataja waliobeba zaidi yangu. Fundi wa kamba, kwa mfano. Mnaona mtu anaruka angani, mnamsifu. Kamba imepita kwenye kapi, kapi limefungwa kwenye mwamba wa chuma, na fundi amepanda asubuhi akaligusa kila moja kwa mkono. Mwaka 2013, Las Vegas, katika onyesho la KÀ la Cirque du Soleil, waya ulitoka kwenye kapi lake ukakatika, na Sarah Guyard-Guillot, mama wa watoto wawili, akaanguka akafa. Miaka mitatu baadaye, San Francisco, fundi Olivier Rochette alifariki akiwa anaandaa jukwaa kabla ya onyesho, amegongwa na mashine ya kuinulia. Alikuwa mtoto wa yule yule Ste-Croix wa miguu ya miti. Siyasemi haya kuwatisha. Nataka mjue kwamba kamba ina mtu, na mtu huyo ana jina, na ukifika kwenye kazi mpya ulijue jina lake kabla ya jina la meneja. Watoto wa Bagamoyo, wa Kilwa, wa Nungwi mliokulia karibu na majahazi, mnaojua fundo lipi linabana na lipi linateleza: nendeni mkasomee ufundi huo. Unalipwa vizuri na hauishi ukifika miaka thelathini na tano.

Halafu mpiga muziki. Maonyesho mazuri ya kisasa yana bendi iliyo hai, haina santuri. Kwa nini? Kwa sababu mwanadamu hakosei kwa kufuata santuri. Mkikosa ringi moja, muziki wa kwenye mashine unakwenda zake, mnaachwa uchi. Bendi iliyo hai inakuona umekosa, inazunguka palepale, inarudia kipande kilekile, mpaka uvute pumzi urudie, na mtazamaji anadhani ilipangwa. Hili sisi hatukufundishwa na Mzungu. Mpiga ngoma wa hapa kwetu hatazami ngozi ya ngoma yake, anatazama miguu ya mchezaji. Nilipokuwa Italia tulikuwa na mpiga kinanda mmoja mzee. Kila nilipotetemeka goti la kulia, alishusha sauti. Sikumwomba. Siku moja nikamuuliza amejuaje. Akanijibu kwamba goti langu hutetemeka mara mbili kabla sijasema "shuka".

Sasa nifike kwenye sanaa yenyewe, maana mnaweza kudhani nimekuja kuwasifia wabeba mizigo tu.

Kwa muda mrefu sarakasi ilimficha wa chini. Wa chini alivaa nguo nyeusi, wa juu aliwekewa vitu vya kumetameta, taa ikamfuata yeye. Kilichonishtua katika sarakasi za kisasa ni pale walipowasha taa chini. Kuna kundi la Ufaransa liitwalo Compagnie XY. Mwaka 2014 walikuwa na onyesho la watu 22, hakuna pambo. Wanasimama wanne, mmoja juu ya mwingine, na badala ya kukuficha kazi wanakuonyesha: mikono inavyosogea kungoja, nani anamwangalia nani, mwanamke anavyombeba mwanamume, watu wanavyoanguka na kudakwa kama nguo zinavyoanuliwa kambani. Mtu anaanguka, na kule kudakwa kunageuka kuwa hatua ya dansi. Mwaka 2019 walifanya jingine, Möbius, na mtunzi wa dansi Rachid Ouramdane, wakafuata mwendo wa ndege wanaoruka kwa makundi. Pale huwezi kusema fulani ndiye nyota.

Na wapo wale wa Adelaide, Australia, Gravity & Other Myths. Onyesho lao A Simple Space wanawakalisha watazamaji karibu mno, unasikia pumzi, unasikia nyayo. Kuna mahali wanasimama kwa mikono, halafu watazamaji wanapewa mipira ya plastiki wawapige nayo ili kuona nani ataanguka kwanza! Ni mchezo wa watoto kabisa. Mnaucheza pale ufukweni kila Jumapili kwa kurushiana mchanga. Tofauti ni kwamba wao waliutazama mchezo wao wakasema: huu nao ni onyesho.

Hapo ndipo linaponiuma, na nitalisema taratibu kwa sababu wapo wazazi.

Sisi tunachukuliwa sana. Kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anajulikana Ulaya yote kwa piramidi, kwa kuruka ringi, kwa kupita chini ya ufito wenye moto. Ustadi huo una historia. Miaka ya 1960 serikali yetu ilipeleka vijana China wakafunzwa sarakasi, wakarudi, kukawa na kundi la taifa, na baadaye mafunzo yakahamia Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Winston Ruddle, Mzimbabwe, akafungua shule hapa Dar es Salaam, na kutoka hapo vijana wakazunguka dunia. Nairobi wana Sarakasi Trust, waliochukua jengo la sinema ya zamani pale Ngara wakalifanya ukumbi. Wengine tulijifunza kwa tairi la lori lililozikwa nusu mchangani. Kwa hiyo ujuzi upo.

Lakini mwaka wangu wa tatu tuliingizwa kwenye onyesho jipya. Mwongozaji, simtaji, alituita wasanii wote kwenye duara. Akamuuliza Mrusi wa bembea: wewe unataka kusema nini kwa mwili wako? Akamuuliza dada wa Kibelgiji wa kamba. Akamuuliza Mchina wa sahani. Walijibu, akaandika kwenye daftari. Alipotufikia sisi watano, akatabasamu, akafunga daftari, akasema: "Ninyi mna nguvu. Ninyi rukeni tu." Tukapewa vitambaa vya madoa ya chui. Mimi nimezaliwa Temeke. Chui nilimwona kwa mara ya kwanza kwenye bustani ya wanyama, Ujerumani.

Tuliruka. Tulihitaji mshahara. Hata hivyo, nilichojifunza siku ile ni kwamba mtu anaweza kuwa chini kwa namna mbili. Kuna chini ya kubeba, ambayo ni heshima, maana wote wanakutegemea na wanajua. Na kuna chini ya kukanyagwa. Kwa nje zinafanana, hata mkao ni uleule.

Msiniambie haiwezekani vinginevyo. Ndugu wawili wa Ethiopia, waitwao Bibi na Bichu, waliondoka kwao vijana wadogo kwa kurusha virungu, wakafanya kazi kwenye mahema ya wengine kama mimi. Lakini wao wakaanzisha yao, Circus Abyssinia. Mwaka 2017 wakaipeleka Edinburgh, Uskoti, ikiwa na wasanii wa Ethiopia, na hadithi ni yao wenyewe, watoto wawili wanaoota sarakasi. Onyesho lililofuata wakamtungia Derartu Tulu, yule aliyeshinda mbio za mita 10,000 Barcelona mwaka 1992. Hakuna madoa ya chui. Ringi ni zilezile, piramidi ni zilezile, samasoti ni zilezile. Kilichobadilika ni nani aliyeshika daftari.

Na wakubwa nao wasiwatishe. Machi 2020 ugonjwa ulipofunga dunia, Cirque du Soleil walisimamisha maonyesho 44, wakaachisha karibu wafanyakazi wote, na kufikia Juni walikuwa mahakamani wakiomba kulindwa dhidi ya wanaowadai. Ukichungulia chini ya piramidi ile unakuta deni la mamia ya mamilioni ya dola. Sisi wa mahema madogo tulikwama pia, mimi nilikaa miezi mitano ndani ya gari la kulala karibu na shamba la viazi. Mwenye shamba alitupatia viazi. Cirque du Soleil walirudi jukwaani mwaka 2021, na mimi nikarudi Temeke, kwa sababu goti lilikuwa limeshasema.

Kuhusu mikataba nitasema haraka, maana mwalimu ananionyesha saa. Usimwachie mtu pasipoti yako "aitunze". Wakala wangu wa kwanza aliitunza ya kwangu miezi kumi na moja. Bima iandikwe kwa jina lako, na uisome ikiwa bado uko nyumbani, na anayejua lugha hiyo amekaa pembeni yako. Na kiasi cha maonyesho kwa siku kiandikwe. Maonyesho matatu kwa siku, wa juu anaumia mkono. Wa chini anaumia mgongo, na mgongo haupati mwenzake.

Sasa nimekubaliana na walimu kwamba nitabaki hapa mwaka mzima. Hatutaanza na kuruka. Miezi mitatu ya kwanza kila mmoja wenu atakaa chini, hata binti mdogo wa kileleni, atambeba mtoto mdogo kuliko yeye ajue visigino vinavyouma. Halafu kila kundi litaniletea dakika tano za kwake. Sitaki kuona dakika tano za mbinu. Niletewe foleni ya maji, au konda wa daladala, au msiba wa jirani, au hata ule mchezo wa mchanga wa Jumapili. Mpiga ngoma awepo tangu siku ya kwanza, asiletwe mwishoni kama chumvi.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, ufukweni, maji yakiwa yamekupwa. Wa chini waje nusu saa kabla, tufanye shingo na viuno. Kila mtu aje na ngata yake. Na wewe kijana wa jicho la kushoto, mama yako nimeshaongea naye. Njoo na kitambaa cha kichwani.